Shangazi, huenda niliitikia jina la mwenzangu

*Shikamoo Shangazi. Niliokoka miaka tisa iliyopita, nikaimba kwaya. Mwaka huu mume wangu kaachishwa kazi, na mahamri yangu hayatoki. Nikipiga magoti naishia kuhesabu madeni. Maombi ya kina mama nimeacha kwenda, naona haya, sina mchango. Mhubiri mmoja kaniambia imani yangu haba. Huenda sikuitwa mimi, niliitikia jina la mwenzangu. — Mama Wawili, Kisauni.*

Marahaba, mwanangu.

Huyo aliyepima imani yako kwa mauzo ya mahamri, mpishe apite. Unga ukipanda bei humpandia mchungaji na mlevi sawasawa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Yote ni wewe: niliokoka, nimeacha, sina. Mungu hukumtaja hata pale ulipoandika habari ya kuitwa. Kwani nani aliyekuita?

Wakristo wa Korintho walikuwa wakigombania viongozi, wakishtakiana mahakamani, na penye meza ya Bwana mmoja analewa mwenzake ana njaa. Paulo anayajua yote, na atawakemea. Lakini anaanza kwa shukrani, na kabla hajagusa ugomvi wao, katika mstari wa 9 wa sura ya kwanza ya waraka wake wa kwanza kwao, anawaambia kwamba Mungu aliyewaita ni mwaminifu. Mungu, si wao! Angewasifu wao kwa uaminifu, wangeangua kicheko.

Hapo karibu nawe, upande wa Nyali, amezikwa Rosina, mke wa mmishonari Krapf. Mwaka 1844, mwaka ule ule waliofika Mombasa, Krapf alimzika yeye na kitoto chao kichanga, mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza swali lako. Alibaki, mwaka 1846 akaja mmishonari mwenzake, Rebmann, wakaenda kuanza kazi Rabai. Sikusimulii haya ili uone shida yako ni ndogo. Nataka ujue kwamba msiba haukuwa barua ya kufutwa.

Sasa, hayo madeni usiyahesabu kimyakimya. Mtajie Yeye kwa sauti: dukani kwa unga kiasi hiki, karo kiasi hiki. Hiyo ni sala, tena nzuri kuliko nyingi nilizosikia kwenye vipaza sauti.

Alhamisi nenda kwa kina mama mikono mitupu. Waambie, "Leo sina cha kutoa, nimekuja mniombee," kisha kaa. Ulimi ukiwa mzito, waache waseme wao.

Na wakikudai mchango mlangoni, niandikie tena.