Wakala anasema mteja hajalipa, nifanyeje?

Pole sana mdogo wangu. Umekusanya takwimu Rungwe na Kyela, kazi umekabidhi, na wakala aliyekuchukua hapo Mbeya mjini kila ukipiga simu anasema mteja wake hajamlipa. Hilo halikuhusu, labda mkataba wenyewe useme utalipwa mteja akishalipa. Kisome leo kipengele cha malipo.

Achana na simu, andika barua: kiasi, tarehe uliyokabidhi kazi, namba ya ankara, na siku 14 za kulipa. Ipeleke mwenyewe ofisini, nakala yako wakugongee mhuri. Meseji zote wanazokiri deni, usifute hata moja.

Sasa sikiliza hili, maana linawaponza vijana wengi. Kuitwa "mkandarasi" kwenye karatasi hakumalizi mjadala. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuchukulia kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama kwa mfano umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Ukiangukia hapo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Lakini dai la mshahara lina siku 60 tu tangu mgogoro uanze, kwa hiyo usizimalize ukibembeleza.

Kama kweli ulikuwa wa kujitegemea, deni ni la mkataba: una miaka 6 ya kufungua shauri mahakamani.

Na ile kazi mpya ya Makete, nakuomba usiianze kabla hajalipa.