Nastaafu Desemba, usingizi umenipaa

Swali: Shikamoo Mama. Nimefundisha hesabu miaka 34 hapa Morogoro. Desemba natimiza 60, nastaafu kwa lazima. Pesa nimejipanga, ila nikishika chaki koo linakaba. Mume wangu hajui. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu wangu. Mimi nilikuwa muuguzi. Jumatatu ya kwanza niliamka saa 11 alfajiri, nikapiga pasi sare, ndipo nikakumbuka sina zamu. Nililia pasi ikiwa mkononi. Kilichoniuma si mshahara, ni kukosa wa kuniita "sista". Usingoje Desemba: anza sasa kufundisha watoto wawili watatu wa jirani barazani, Jumamosi, uitwe mwalimu ukiwa nyumbani. Na mumeo mwambie leo. Wangu nilimficha, akadhani nimemchoka.