Mwalimu Hayupo, Mkeka Upo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimeanza yoga nyumbani mara nne, na mara zote nne nimeacha. Wewe unawezaje bila mwalimu?" Nilicheka, wala si kwa kumdharau. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimetia alama ya 400 kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango wangu, na sikuwa na wa kumwambia. Basi nakuambia wewe.

Darasani nilitoka shingo upande. Ratiba ya kazi ilibadilika, na nilipokwenda kumuaga mwalimu alicheka mbele ya wenzangu: "Mwezi hauishi utakuwa umerudi. Peke yako hufiki popote." Maneno yale bado yananichoma, nisiseme uongo. Lakini ndiyo yaliyokuwa yakinitoa kitandani saa kumi na moja alfajiri miezi ile ya mwanzo. Shida ni kwamba hasira ni moto wa mabua, na tena haina macho.

Nilitaka kushika vidole vya miguu nikiwa nimekaa, miguu nimeinyoosha. Basi. Kila alfajiri navuta, nakunja uso, navuta tena. Mwezi wa tatu yakaanza maumivu chini kabisa ya kalio, pale kwenye mfupa unaoukalia. Nikasema msuli huo unalegea, nikazidisha kuvuta. Kumbe hapo ndipo kano za misuli ya nyuma ya paja zinapojishikiza, na mimi nilikuwa nazikwangua kila siku. Ikafika mahali nusu saa kwenye gari ilikuwa adhabu. Mtaalamu wa viungo alinipiga marufuku kuinama, akanipa mazoezi ya kulitia paja nguvu badala ya kulinyoosha. Miezi mitano!

Mwalimu angeliona kosa langu? Angeliona siku ya pili. Nakubali, ingawa nakubali huku nimeuma meno.

Nilipopona niliegemeza simu kwenye chupa ya maji, nikajirekodi kutoka ubavuni. Mama yangu! Mimi nilihisi mgongo umenyooka kama rula. Kwenye video nimejikunja kama uduvi, kidevu kimetangulia kuyatafuta magoti. Kwenye chaturanga, ule mkao wa kujishusha kwa mikono, mabega yalikuwa yamezama chini ya viwiko, na kumbe yanatakiwa yasishuke kupita hapo. Siku hiyo nilianza upya kama mtoto: nakalia blanketi lililokunjwa ili nyonga ziiname kabla ya mgongo, magoti nayakunja kidogo, na mkanda wa suruali naupitisha nyayoni badala ya kupigana na vidole. Nikashika mkanda miezi na miezi. Vidole vilikuja vyenyewe.

B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa yoga wa India, alipotumwa mji wa Pune kufundisha mwaka 1937 alikuwa hajafikisha hata miaka 20, na mwalimu wake, Krishnamacharya, yuko mbali Mysore. Mengi ilimbidi ayagundue juu ya mwili wake mwenyewe. Sijifananishi naye. Labda kidogo tu, alfajiri, nikiwa peke yangu.

Sasa wewe uliyeacha mara nne. Usijiite mvivu. Nina hakika kila asubuhi ulikuwa unaanza kwa kutafuta video, unachagua, unabadilisha, dakika 15 zimekwenda na nguo ya mazoezi hujavaa. Mimi mfuatano wangu ni uleule: salamu za jua tano (ule mfululizo wa kuinama na kuinuka), mikao minne ya kusimama, kujipinda kulia na kushoto, kisha nalala chali kimya. Mkeka nautandika usiku. Nikiamka naukanyaga kabla sijapata nafasi ya kujadiliana na nafsi. Siku mbaya nafanya salamu mbili na kulala chali, naweka alama yangu. Tandika mkeka usiku, nasema tena. Kusimama kwa kichwa achana nako mpaka upate jicho la mtu mwingine. Shingo haina spea. Na pumzika bila kuona haya: hata wafuasi wa njia ya Pattabhi Jois, mwalimu mwingine wa yoga wa India, wanaojulikana kwa ukali, hawafanyi Jumamosi wala siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Wanaojisifu kwamba hawajakosa hata siku moja, waache na majigambo yao.

Juzi nilikutana na yule mwalimu kwenye foleni. "Bado unafanya?" Nikamjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba nafanya. Akanitazama kidogo, akasema, "Bega lako la kulia liko juu." Nikaaga haraka. Nilipofika nyumbani, hata viatu sijavua, nikaegemeza simu kwenye chupa.

Liko juu.