Unalinganisha miongozo ya kutibu korona? Usianze na dawa

Kwa nyie mliopewa kazi ya kulinganisha miongozo ya matibabu ya korona ya nchi mbalimbali, najua mtaanzia palepale nilipoanzia mimi, kwenye dawa. Unachora jedwali, nchi huku dawa kule, unatia tiki, unaona nchi zinapingana balaa. Mi nilifanya hivyo wiki nzima mpaka msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu, hawa wote wakisema "ugonjwa mkali" wanamsema mgonjwa yupi? Ikabidi nisome upya kila kitu.

Na hapo ndo penye kazi yenyewe jamani. WHO waliweka ugonjwa mkali kwenye oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, NIH, taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, wakaweka chini ya 94, China wakaandika 93 kushuka chini. Sasa mchukue mgonjwa mwenye 92, katulia tu kitandani. Kwa Marekani na China ugonjwa wa huyo ni mkali, kwa WHO kama hana dalili nyingine za hatari bado hajafika huko. Yaani miongozo miwili inaweza kuandika "dawa hii ni kwa ugonjwa mkali tu", maneno yaleyale, halafu mtu huyohuyo mmoja huku akapewa kule akanyimwa, na tiki zako zote zinasema nchi zimekubaliana! Safu ya ukali wa ugonjwa itangulie, dawa baadaye.

Halafu tarehe. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria iliyojaribiwa kwa korona, ilipata kibali cha dharura Marekani 28 Machi 2020, kikafutwa 15 Juni, na kesho yake tu watafiti wa RECOVERY, jaribio kubwa la dawa za korona kule Uingereza, wakatangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya steroidi, miligramu 6 kwa siku, imepunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye ventileta (mashine ya kupumulia) na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila ventileta, ila wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwa hiyo ukiweka toleo la Mei la nchi moja na la Julai la nchi nyingine hujalinganisha nchi, umelinganisha miezi. Kila toleo ukilikuta lipakue hapohapo, andika tarehe kwenye jina la faili, maana jipya likipandishwa la zamani mara nyingi linaondolewa.

Ukishasafisha hayo mawili zinabaki tofauti za kweli, nazo ni chache. Mimi naipenda sana ya remdesiviri, dawa ya kupambana na virusi. Oktoba 2020 Marekani waliiidhinisha, Novemba WHO wakashauri isitumike kwa waliolazwa. Marekani waliupa uzito utafiti ulioonyesha wagonjwa wanapona kwa siku 10 badala ya 15, WHO wakauliza je, vifo vimepungua? Na jaribio lao la Solidarity halikuonyesha hivyo. Ila ushauri wa WHO ulikuwa wa masharti, sio katazo, kwa hiyo kwenye jedwali lako andika neno hilohilo, usiligeuze kuwa "hapana".