Maswali na majibu: Kuuza kazi za mikono za India mtandaoni

Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Tumeanza na yale ambayo ukiyakosea, mtaji ndio unaolipa.

Nina mtaji wa shilingi milioni tatu. Napenda vyombo vya shaba, mazulia, ufinyanzi wa buluu wa Jaipur na vitambaa vilivyochapwa kwa mihuri ya mbao. Nianze na kipi? (Dada wa Tabata, Dar es Salaam)

Kitambaa, dada. Hakivunjiki, hakishiki kutu, kinakunjika na kilo moja yake hubeba vipande vingi. Nguo za kuvaa ziache kwanza, kwa kuwa saizi huleta marejesho. Anza na foronya za mito ya kochi za sentimita 45 kwa 45, ongeza vitambaa vya meza.

Chapa za mihuri ya mbao zina makao mawili yanayojulikana katika jimbo la Rajasthan: Sanganer, iliyokwisha kumezwa na jiji la Jaipur, na Bagru, mwendo wa kilomita kama 30 kutoka hapo. Sanganer wanajulikana kwa maua madogo juu ya kitambaa cheupe. Bagru ni rangi za udongo, nili na nyekundu iliyoiva, pamoja na ufundi wa dabu: wanachapa tope, wanatia kitambaa rangi, kisha wanaliosha tope, na mahali lilipokuwa panabaki peupe. Chagua mji mmoja. Duka linalochanganya kila kitu halina la kumwambia mteja zaidi ya “vitu vizuri vya India”, na maneno hayo yapo kila mahali.

Chukua michoro sita, kila mmoja vipande 16 au 17, upate kama 100. Michoro thelathini ya vipande vitatu vitatu inapendeza kwenye ukurasa, lakini ule unaopendwa utaisha kwa siku mbili, na fundi hatakubali kukuchapia vitano tu. Kuchanganya rangi na kuandaa meza kwa mita tano ni kazi ile ile ya mita hamsini. Nusu ya milioni zako tatu ibaki benki hadi mzigo wa kwanza uuzike.

Nitajuaje kuwa kimechapwa kwa mkono na si kwa mashine? (Mombasa)

Geuza kitambaa. Chapa ya printa ya kompyuta huacha nyuma peupe au pamefifia sana. Rangi ya muhuri hupenya. Kisha tafuta maungio. Muhuri ni kipande cha mbao kinachotosha kiganja au kuzidi kidogo, na kila unapogongwa, pembe yake hukutana na pembe ya chapa iliyotangulia. Mkono haukosi kupishana hapa na pale kwa nusu milimita, na mara nyingi utaona vidoto vidogo ambavyo fundi anavitumia kama alama ya kulenga. Michoro yenye rangi nne hutumia mihuri minne, kwa hiyo rangi nazo hazitakaliana sawasawa kila mahali.

Wapo wajanja wanaochora “makosa” hayo kwenye mashine. Pima umbali. Dosari ile ile ikijirudia kila baada ya sentimita 64, hiyo ni rola, maana huo ndio mzunguko wa kawaida wa rola za viwandani. Muhuri uliobanduka kipande nao hurudia dosari yake, lakini kwa umbali mfupi zaidi, na mgongo wa kitambaa cha mkono haulingani mara zote: hapa rangi imekolea, pale imepauka.

Umeuliza pia kuhusu ajrakh, kitambaa cha mihuri cha eneo la Kutch katika jimbo la Gujarat, na hiyo ina hesabu yake. Ajrakh halisi hupitia hatua zaidi ya kumi za kuosha, kutia dawa ya kushika rangi, kuchapa, kuchovya kwenye nili na kuanika. Nyeusi yake hutokana na vyuma chakavu vilivyolowekwa na sukari guru kwa siku nyingi. Kijiji cha Ajrakhpur chenyewe kilianzishwa baada ya tetemeko la Januari 2001, maji ya kijiji cha zamani cha Dhamadka yalipoharibika. Bila maji mazuri rangi hizo hazitoki. Kwa hiyo ukiuziwa “ajrakh” kwa bei ya kitambaa cha kawaida, umeuziwa mchoro wa ajrakh. Si haramu kuuuza, ila usiuandike kuwa wa mkono.

Jambo la mwisho, nili hubanduka. Lowesha kitambaa cheupe, kisugue mara kumi juu ya kile cha nili. Kikishika buluu hafifu ni kawaida, na mwambie mteja asikichanganye cha nili na nguo nyingine, akifue kwa maji baridi mara tatu za kwanza. Kikitoka cheusi, rejesha sampuli.

Muuzaji wa WhatsApp anasema yeye ni fundi wa Kashmir na anataka nilipe yote kwanza. Nifanyeje? (Arusha)

Usilipe yote, ndugu. Mwombe kwanza namba yake ya GST, yaani usajili wa kodi ya bidhaa India. Ina tarakimu na herufi 15, na mbili za mwanzo ni jimbo: 01 ni Jammu na Kashmir, 07 ni Delhi, 08 Rajasthan, 09 Uttar Pradesh, 24 Gujarat. “Fundi wa Kashmir” mwenye namba inayoanza na 07 ni mfanyabiashara aliyesajiliwa Delhi. Huenda ni mtu mwema kabisa, lakini bei yake ina faida ya mtu wa kati na ni haki yako kujua. Fundi mdogo huenda hana GST kwa sababu mauzo yake hayajafika kiwango. Huyo mara nyingi husafirisha kupitia ushirika au wakala, na hapo ndipo utakapofanya ukaguzi.

Pili, atakayetoa mzigo India kibiashara anahitaji IEC, namba ya muagizaji na msafirishaji. Jina la kwenye IEC, la kwenye ankara na la kwenye akaunti ya benki yawe jina moja. Likitofautiana hata kwa “akaunti ya shemeji”, simama hapo.

Mpangilio wa kawaida ni sampuli unayolipia, kisha kianzio cha asilimia 30 hadi 50, halafu salio baada ya kuona video ya mzigo wako ukihesabiwa na kufungwa. Na ukiona GST imeongezwa kwenye ankara yako ya usafirishaji, uliza kwa nini. Bidhaa zinazotoka nje ya India hazipaswi kubeba kodi hiyo. Msafirishaji ana utaratibu wa kutoilipa au wa kurejeshewa.

Foronya moja kule ni kama shilingi 5,600. Nikiuza 12,000 si nimepata mara mbili? (Mama wa duka, Tanga)

Utapata hasara, mama. Tuifanye hesabu ya foronya 100 kwa njia ya ndege.

Bidhaa 560,000, usafiri na bima tuseme 340,000. Hiyo 900,000 ndiyo thamani ambayo forodha inaanzia, si ile 560,000, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ushuru wa asilimia 25 ni 225,000. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya 1,125,000, sawa na 202,500. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo hairudi. Wakala wa forodha na tozo ndogondogo, weka 120,000. Jumla 1,447,500. Toa foronya nne zenye doa au zipu mbovu, gawa kwa 96: kila moja imekufikia kwa 15,078. Bado mfuko, tangazo, makato ya malipo na ile moja itakayorudishwa. Chini ya 30,000 usiuze.

Bidhaa ikiangukia daraja la asilimia 35 la ushuru wa Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2022, kila foronya inapanda kwa 1,100 hivi. Ndiyo maana tunasisitiza umuulize wakala kabla ya kununua, na umtajie namba ya bidhaa kwenye orodha ya forodha: foronya za mito ya mapambo huwa 6304, shuka na vitambaa vya meza 6302, shali 6214, mapambo ya ufinyanzi 6913, sanamu za shaba 8306, vijisanduku vya mbao 4420. Muulize pia kama bidhaa inahitaji cheti cha ubora kabla ya kusafirishwa. Walioko Kenya watumie VAT ya asilimia 16 na waongeze tozo zao za uagizaji.

Kuna mtego mwingine: uzito wa ujazo. Kampuni za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000. Boksi la taa lenye sentimita 50 kwa 40 kwa 40 linatozwa kilo 16 hata kama ndani mna kilo nne.

Nataka masanduku na meza za shishamu. Kuna tatizo? (Unguja)

Masanduku ya njumu za shaba mnayoyaona kwenye nyumba kongwe za hapo Unguja mengi yalitoka Surat na Bombay, kwa hiyo soko mnalo. Tatizo ni mti. Shishamu ni jamaa ya mpingo wetu, zote ni jenasi ya Dalbergia, na jenasi nzima iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Vitu vidogo vilivyokamilika vina msamaha, ila fanicha yenye zaidi ya kilo 10 za mbao hiyo inataka karatasi, na msafirishaji ndiye anayepaswa kuziandaa kabla mzigo haujaondoka. Mzigo ukishafika bandarini bila karatasi hakuna wa kukusaidia.

Mbao za mwembe haziko kwenye mkataba huo, zinachongeka vizuri na ni rahisi. Ubaya wake ni unyevu na wadudu. Dai zikaushwe tanuruni hadi asilimia 8 hadi 12 ya unyevu, na omba video ya kipimo kikichomekwa kwenye mguu wa meza, si juu yake, maana miguu minene ndiyo inayobaki mbichi. Ukiona unga mwembamba kama wa muhogo chini ya tundu dogo, wadudu wamo. Kreti za kufungia nazo ziwe na muhuri wa kuchomwa wenye herufi HT, yaani mbao imetibiwa kwa joto. Zisizo nao huweza kuzuiwa bandarini.

Na ukiambiwa sanduku lina miaka 150, cheka kidogo. Sheria ya India ya 1972 inakataza kutoa nje vitu vya kale vya zaidi ya miaka mia. Ama muuzaji anavunja sheria, ama sanduku lilipakwa dawa ya kulizeesha juzi. Kwa kawaida ni hilo la pili.

Vikombe vya buluu vya Jaipur: thelathini vimevunjika kati ya mia. (Mombasa)

Ufinyanzi huo hautumii udongo wa kawaida wa mfinyanzi. Ni unga wa kwatsi, chupa iliyosagwa, kiasi kidogo cha udongo laini uitwao multani, boraksi na gundi, unaochomwa mara moja kwa moto usio mkali sana. Ndiyo maana unapendeza, na ndiyo maana ukigongwa kidogo unapasuka. Kila kikombe kifungwe peke yake, mpini ujazwe karatasi kabla ya kuviringishwa, kiwe kwenye kijiboksi chake, kisha vijiboksi viingie kwenye boksi kubwa lenye sentimita tano za kujazia pande zote. Ukilitikisa ukasikia sauti, lifunguliwe upya. Viuze kama mapambo: usiandike kuwa ni vya chai wala vya mashine ya kuoshea vyombo.

Pashmina ya rupia 600 ni halisi? (Muscat)

Hapana. Pashmina halisi ni manyoya laini ya mbuzi. Jaribio la kupitisha shali kwenye pete nalo halithibitishi kitu. Hariri na viskosi laini hupita pia. Kuchoma uzi kutakuonyesha kama ni plastiki au ni manyoya, lakini hakutenganishi pashmina na sufu ya kondoo. Kwa shali za bei, dai lebo ya alama ya kijiografia ya Kashmir iliyotolewa baada ya kupimwa maabara Srinagar. Ukitajiwa shahtoosh, kata mazungumzo: ni manyoya ya swala wa Tibet na biashara yake imepigwa marufuku duniani.

Birika za shaba za Moradabad zimegeuka rangi stoo. (Tanga)

Ni hewa ya chumvi. Agiza zilizopakwa vanishi, au uuze za wazi na uandike kuwa zitasafishwa kwa ndimu na chumvi. Beba sumaku siku ya kukagua; ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Za kupikia au kuwekea vitu vichachu lazima ziwe zimetiwa kalai ndani.

Wateja wanarudisha wakisema rangi si ya kwenye picha. (Morogoro)

Piga picha karibu na dirisha asubuhi, taa zote za ndani zikiwa zimezimwa, na karatasi nyeupe ikiwa ndani ya fremu ya kwanza ili urekebishe weupe. Weka picha nne: nzima, mgongo, maungio ya muhuri kwa karibu, na foronya ikiwa kwenye kochi la kweli. Andika vipimo na tofauti inayokubalika, kwa mfano sentimita moja kila upande. Kisha andika wazi: “Rangi hutofautiana kipande hadi kipande.” Anayenunua mbili za kufanana, mchagulie wewe mwenyewe stoo.

Niagize lini ili nipate mzigo wa Desemba? (Mwanza)

Malipo ya kianzio yawe yamefika mwezi wa nne. Kuanzia Juni hadi Septemba ni mvua kule, na kitambaa cha mihuri hukaushwa juani, hivyo kazi ya wiki nne huwa ya nane. Mvua zikiisha inakuja sikukuu ya Diwali, Oktoba au Novemba, na mafundi wengi hurudi kwao kwa wiki nzima au zaidi. Ukiagiza Agosti utapata ahadi nzuri sana na mzigo wa Januari.