Mwembe wa zamani uani: usiukate kichwa

Dada, usikubali huyo fundi aukate mwembe wote kichwa eti kwa sababu matawi yameegemea bati. Mti mkubwa ukifyekwa hivyo hutoa machipukizi mengi kwa pupa, marefu na yaliyoshikilia juu juu tu, na ndiyo yatakayokudondokea upepo ukivuma. Aondoe tawi linalogusa bati, basi. Aanze kuchanja upande wa chini wa tawi, kama futi moja kutoka kwenye shina, ndipo akate juu, lisije likachuna gome likianguka. Kipande kinachobaki akimalizie pale tawi linapoungana na shina, penye uvimbe kama pete. Uvimbe wenyewe asiuguse. Oili chafu kwenye kidonda haisaidii kitu. Ngoja mavuno yaishe, kwa huku Dar mwezi wa pili hivi.

Kinachonitisha zaidi ni hicho kifusi mnachotaka kumwaga mpaka shinani kabla ya pavingi. Mizizi inayonyonya maji haiko chini sana, mingi iko ndani ya nusu mita ya juu, na inahitaji hewa. Wangu hapa Tabata ulifukiwa hivyo, mwaka wa pili ukaanza kukauka kileleni. Acheni duara la udongo wazi, kubwa kadiri uwanja unavyoruhusu.