Kabla ya kugawa makala ya utafiti, walete mgonjwa

Mpe mwanafunzi wa famasia makala ya utafiti aichambue, utaona macho yanakimbilia muhtasari, kisha thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu kama dawa haina athari. Akiikuta chini ya 0.05, kwake kazi imekwisha: dawa inafaa. Ndiyo maana mimi siku hizi sianzi na makala. Naanza na mgonjwa wa kubuni: bibi wa miaka 78, figo dhaifu, anameza dawa sita. Je, tumwongezee ya saba? Makala naitoa baadaye, na hapo wanasoma wenyewe sehemu inayoeleza nani hakuruhusiwa kushiriki. Mara nyingi wanakuta wazee wenye figo kama za bibi huyu waliachwa nje.

Ninapokaa sana ni kwenye swali la kilichopimwa. Nawasimulia CAST, jaribio la Marekani la dawa za kutuliza mapigo ya moyo, ambalo matokeo yake ya kwanza yalitangazwa mwaka 1989. Walioshiriki walikuwa wamepona mshtuko wa moyo lakini mapigo yao yalivurugika mara kwa mara. Dawa za flecainide na encainide ziliyatuliza mapigo hayo vizuri; kwenye karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kila kitu kilipendeza. Lakini waliopewa dawa hizo walikufa zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kabla ya kuwasimulia mwisho huo nawauliza kama wangetoa dawa. Karibu wote husema ndiyo, na sioni cha kuwalaumu, maana hata madaktari bingwa wa moyo walikuwa wakiziandika.

Asilimia nazo zina ujanja wake. “Inapunguza kiharusi kwa asilimia 50” inasisimua, hadi uwaambie wahesabu vichwa: katika watu 1,000 wasiotumia dawa walipata kiharusi 20, katika 1,000 waliotumia walipata 10. Yaani watu 100 wameze ili mmoja anusurike. Huenda inafaa, huenda haifai. Inategemea madhara, bei na anachotaka mgonjwa. Sharti langu ni kwamba hesabu hiyo waifanye kwa mkono, bila programu.

Takwimu ngumu naziacha zisubiri (wenzangu wa takwimu hawanielewi hapo).

Mwisho wa kipindi kila mmoja anaandika sentensi mbili: moja ya kumshauri daktari, nyingine ya kumweleza yule bibi. Ya daktari huja haraka. Wakikwama kwenye ya bibi, nawarudisha kwenye jedwali la matokeo.